Nywele Chache kwenye Ndoana

Chambo kizuri cha manyoya huonekana kama hakijamalizwa. Asiyejua akikishika atauliza mbona nywele chache hivi. Kwa wavuvi wa Dallas na Houston wanaojifungia wenyewe vyambo vya kuvulia baharini, uchache huo ndio ufundi, nami nauhusudu.

Chukua Clouser, mtindo aliobuni Bob Clouser wa Pennsylvania mwaka 1987 kwa ajili ya samaki wa mtoni, kisha ukahamia maji chumvi. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo mezani. Fundi huzungushia uzi, kisha hufunga macho mawili ya risasi juu ya mti wa ndoana, uzi ukipita kwa umbo la nane, mara nyingi, mpaka macho yagome kutikisika akiyasukuma kwa kidole gumba. Kwa sababu ya uzito huo, chambo hupinduka majini, ncha ikaelekea juu, kikapita kwenye chaza na nyasi za bahari bila kunasa ovyo.

Zinafuata nywele za mkia wa kulungu. Anakata kishungi, anachambua zile fupi na vinyweleo laini, anatupa nyingi kuliko anazobakiza. Nywele za shinani mwa mkia zina uwazi ndani. Uzi ukizikaza hutanuka kama mwavuli. Za kuelekea nchani hulala zinapofungwa. Fundi mzoefu huzitofautisha kwa kuzipapasa tu. Nyeupe upande mmoja, kijani cha ndimu upande wa pili, nyuzi chache za kumetameta katikati, kisha tone la gundi kichwani.

Anayewindwa ni redfish, samaki mwekundu mwenye doa jeusi mkiani. Mdomo wake umeelekea chini, na hula kaa na kamba katika maji mafupi ya Galveston, pwani ya Texas, pengine mkia ukiwa nje. Kwenye maji ya magotini, risasi ikitua kwa kishindo, ameshatoroka. Basi fundi huiacha, akakata vishanga viwili viwe macho mepesi, kutoka kwenye mnyororo wa kuwashia taa, ule wa duka la vifaa vya ujenzi. Akitaka miguu ya kamba, hutumia unyoya wenye madoa wa kanga. Ndege wetu huyo, kafika mbali!

Wa Houston anaweza kufunga asubuhi na kujaribu jioni. Galveston iko kilomita 80 hivi. Wa Dallas ana zaidi ya kilomita 400 kati ya meza yake na bahari, na huyo ndiye ninayemvulia kofia zaidi. Kina cha maji, tope, upepo, vyote lazima aviamue akiwa kitini. Hujaza maji kwenye beseni, akatumbukiza chambo na kukivuta taratibu. Kikilala ubavu, huchukua wembe, akakata uzi wote, akaokoa ndoana na macho, na kuanza upya.