Mrina Asali Anayebakiza

Warina asali wa Sikonge, mkoani Tabora, hutundika mizinga mitupu kwenye miti ya miombo, wakangoja. Hawanunui nyuki. Ndani ya mzinga hupakwa nta ili harufu iwavute. Kundi likiupenda huingia, lisipoupenda hupita. Nyuki wetu naye havumilii uonevu. Ukimkomba chakula chote, kundi zima huhama likakuachia masega makavu. Ufugaji huu unategemea ridhaa ya nyuki mwenyewe, ndiyo maana nauheshimu sana.

Wapo watu wasiokula asali kabisa. Ni vegani, ambao chama chao kilianzishwa Uingereza mwaka 1944. Nyama hawali, maziwa hawanywi. Hoja yao ni nzito. Nyuki kibarua huishi wiki chache tu msimu wa maua, na asali ya uhai wake wote haijazi kijiko cha chai. Nani katuruhusu kuichukua? Anayerina kwa mwenge, akateketeza kundi zima apate ndoo ya asali yenye majivu, simtetei. Kwake yeye, vegani wana haki.

Fundi hafanyi hivyo. Hupanda jua likishazama, akapuliza moshi kidogo mlangoni. Moshi hufunika harufu ambayo nyuki hutoa kuitana vitani, nao hukimbilia kunywa asali. Hulimulika sega moja moja. Lililofunikwa nta nyeupe hulikata. La kahawia, lenye majana, haligusi. Kisha huacha, hata kama ndoo haijajaa, kwani maua yakiisha kilichobaki ndicho chakula chao. Kujizuia huko, gizani, juu ya mti, nyuki wakivuma masikioni, ndiko ninakokuita ufundi.

Huku majumbani tunakosa hata nusu ya subira hiyo. Mbu anaeneza malaria, namuua bila kusita. Lakini kundi la nyuki likining'inia kwenye mwembe uani, watu hukimbilia petroli. Kundi hilo liko safarini: limeshiba asali, halina majana ya kulinda, na mara nyingi huondoka lenyewe baada ya saa au siku chache. Likikutembelea, funga madirisha, waondoe watoto na mbwa, umwite mfuga nyuki aje na mzinga.