Kukata Neno Mara Mbili

Sisi walimu tuna desturi ya kuandika neno refu la sayansi ubaoni, kulikata silabi kwa silabi, kisha kuliimbisha darasa zima: “pho-to-syn-the-sis”. Desturi hii ina manufaa, kwani humwondolea mwanafunzi hofu. Hata hivyo, ina kasoro mbili.

Kwanza, huusahau mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Aliyezoea kanuni hiyo huuweka kwenye “the”, ilhali Kiingereza huutaka kwenye “syn”. Tena huongeza irabu, akasema “sini”. Kijana wa Sericho azungumzaye Kiborana hana haja ya kukosea hapo. Asemapo “arba”, yaani tembo, hutamka “ar-ba” bila taabu, na silabi ya kwanza imefungwa kwa konsonanti.

Pili, vipande vya sauti si vipande vya maana. Neno hilo limeundwa kwa Kiyunani: “photo” ni nuru, “syn” ni pamoja, “thesis” ni kuweka. Kiswahili nacho kimeunda “usanidinuru” kwa njia iyo hiyo. Ajuaye hayo hulielewa jani la mgunga kando ya Ewaso Nyiro: kwa nuru ya jua huunganisha maji na hewa ya ukaa, likajipatia chakula. Asiyejua huimba tu, na siku ya mtihani sauti za wenzake hazipo kumsaidia.

Basi, ndugu mwanafunzi, likate neno mara mbili: kwanza kwa ajili ya ulimi, kisha kwa ajili ya akili.