Jina Hutangulia Ukubwa

Programu ya benki, ya kukata tiketi au ya kupanga foleni ya hospitali, ukiivua picha na rangi, hubaki maneno matupu: vichwa, maelezo, vitufe na maonyo. Kwa hiyo kazi ya kuunda na kutunza mitindo ya maandishi, ambayo wengi huiona ya kikarani, ndiyo inayotuonyesha upesi zaidi kama msanifu wa violesura ni fundi kweli. Mtindo wa maandishi ni uamuzi uliofanywa mara moja, ukapewa jina, kisha ukatumika kila unapohitajika. Fonti nzuri yeyote anaweza kuichagua. Kujua kila andiko lina kazi gani mbele ya msomaji, na kuliita kwa kazi hiyo, kunataka akili iliyotulia, na hapo ndipo ufundi huu unapostahili sifa.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda ndani ya Figma, programu ya kusanifu violesura. Msanifu anachagua aya ya maelezo, anaipa fonti, uzito wa kawaida, ukubwa wa 16 na kimo cha mstari cha 24, anabofya alama ya nukta nne, anaandika jina, na mtindo umezaliwa. Jina likitiwa mkwaju, kwa mfano “Kichwa/Kikubwa”, mtindo unajiweka wenyewe katika kundi lake. Ikija kuonekana kwamba 16 ni ndogo, anabadilisha mahali pamoja na skrini zote zinafuata. Akiichapisha maktaba ya mitindo yake, wenzake wanaoitumia katika mafaili mengine hupata taarifa na kuyapokea mabadiliko. Muhimu vilevile ni kile ambacho mtindo huo haubebi: rangi, na upande ambao maandishi yameegemea. Katika Sketch, programu nyingine ya usanifu, ambako mtindo umezoea kubeba vyote viwili, orodha hurefuka haraka: maelezo meusi ya kushoto, meusi ya katikati, meupe ya kushoto, meupe ya katikati. Rangi tatu na mipangilio mitatu huzaa mitindo tisa kwa kazi ile ile moja. Kuamua nini kikae nje ya mtindo ni sehemu ya ustadi sawa na kuamua nini kiingie.

Jina nalo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Anayeuita mtindo wake “Roboto 16 nzito” ameeleza sura yake ya leo tu. Siku fonti ikibadilishwa, au ukubwa ukipandishwa hadi 18, jina linakuwa la uongo na hakuna anayethubutu kuligusa. Anayeuita “Maelezo ya fomu” ametaja wajibu, na wajibu haubadiliki kwa sababu fonti imebadilika. Ndiyo maana Material Design 3, mfumo wa usanifu wa Google wenye mitindo ya msingi 15, umeipanga kwa kazi tano, kila kazi na saizi tatu, bila kutia jina la fonti katika jina lolote. Wazo hili lina umri. Mnamo Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, alipendekeza lugha ya mitindo ya wavuti iliyokuja kuitwa CSS, na msingi wake ulikuwa huo huo: ukurasa useme hiki ni kichwa na hii ni aya, na sura yake iandikwe mahali pengine.

Faida kubwa kuliko zote humfikia msomaji, ambaye hatalifungua faili la usanifu maisha yake yote. Mwaka 2013, kwa iOS 7, Apple ilileta utaratibu ambao mtengenezaji wa programu hutaja kazi ya andiko, na mwenye simu huchagua ukubwa unaoyafaa macho yake. Mzee asiyeona vizuri akikuza maandishi, vichwa na maelezo hukua kila kimoja kwa kiasi chake. Hilo halifanyiki vyema pale ambapo kila neno limepewa ukubwa kwa mkono. Hata WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui, na aliyepanga kazi zake kwa majina tayari ameshavuka nusu ya njia. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna la ziada: neno kama “hatujakuthibitishia” lina herufi 19 bila pengo hata moja, na kwa ukubwa wa kichwa hula sehemu kubwa ya upana wa skrini ya simu. Mtindo uliojaribiwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza utakwama hapo. Uliojaribiwa kwa Kiswahili halisi hurekebishwa mapema, mara moja, kwa ajili ya skrini zote.

Wapo wasemao kwamba mitindo hubana ubunifu. Lakini mshairi Muyaka wa Mombasa alitunga ndani ya vina na mizani, na hakuna aliyewahi kumwita maskini wa mawazo. Mpaka uliokwisha wekwa humwachia mtunzi nguvu za kuwaza jambo lenyewe. Wengine husema mradi mdogo hauhitaji haya yote. Mradi mdogo una kazi chache, basi mitindo mitano inautosha, na kuiunda ni suala la dakika. Pingamizi lenye nguvu ni la tatu: kwamba mitindo huzaana mpaka timu isijue utumike upi, na mwenye haraka huvunja kiungo cha andiko na mtindo wake akaweka ukubwa autakao. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu kutunza ni nusu ya ufundi huu. Mtunzaji huunganisha mitindo miwili inayofanya kazi moja, hufuta isiyotumika, na huandika katika maelezo ya kila mtindo lini utumike na lini usitumike. Ombi la mtindo mpya hulijibu kwa swali moja: ni kazi gani ya msomaji ambayo bado haina jina? Likikosa jibu, mtindo hauongezwi. Timu inayoweza kuuliza swali hilo bila kugombana inaijua bidhaa yake, na inamjua mtu inayemwandikia.