Daftari la Kodi Litangulie Mahakama: Kudai Fedha za Mzazi Aliyefariki Kisii na Nyamira

Mzazi anapofariki Kisii au Nyamira, mali inayoonekana hugombewa mapema: shamba, migomba, ng'ombe, nyumba. Fedha zilizotawanyika hukumbukwa baadaye. Huenda ni akaunti ya benki ambayo hakuna aliyeijua, salio la simu, bima ya maisha, au gawio la hisa za Safaricom zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Chini ya Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa ya 2011, taasisi hazizikalii fedha kama hizo milele. Akaunti ya benki ikinyamaza miaka 5, au gawio likikosa mwenyewe miaka 3, fedha hukabidhiwa UFAA, mamlaka ya serikali inayozitunza hadi mwenyewe au warithi wake wazidai. Warithi wakizigundua, kishawishi ni kukimbilia kortini kwanza na kuziacha karatasi za kodi zisubiri mwisho. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo ndio unaozaa ucheleweshaji, na kwamba daftari la kodi la marehemu, yaani orodha ya vyanzo vyake vya fedha na kodi iliyokatwa, lapaswa kuandikwa kabla ya ombi la mirathi kufika mahakamani.

Kuna pingamizi la haraka, nalo lina msingi: Kenya haitozi kodi ya urithi, iliifuta mwaka 1982. Basi kwa nini mtoto ajisumbue na kodi? Kwa sababu kukosekana kwa kodi ya urithi hakufanyi kila shilingi ya marehemu kuwa ya aina moja. Kuna mtaji, yaani akiba aliyoiacha, na huo hautozwi kwa sababu tu umehamia kwa warithi. Kuna mapato yaliyokwisha kukatwa kodi kabla ya kulipwa: riba ya benki hukatwa asilimia 15, gawio la mkazi asilimia 5, na makato hayo ni ya mwisho, kwa hiyo mrithi hadaiwi tena. Kisha kuna mapato yaliyoendelea kuingia baada ya kifo. Ikiwa marehemu aliacha vyumba vya kupangisha Keroka, mji ulio kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, kodi ya nyumba iliyolipwa na wapangaji tangu mazishi ni mapato ya mirathi na yanatozwa ushuru. Msimamizi wa mirathi asiyetenganisha mafungu hayo matatu ataogopa kodi isiyokuwepo na kusahau iliyopo.

Daftari hilo lina faida ya pili iliyo kubwa zaidi: linaikamilisha orodha ya mali. Anayetafuta riba, gawio na bonasi ya chai iliyolipwa na kiwanda, iwe Kebirigo au Nyamache, analazimika kupitia taarifa za benki, vyeti vya hisa na stakabadhi za marehemu. Anaweza pia kuuliza UFAA kwa simu kupitia *361#, akitumia nambari ya kitambulisho cha marehemu. Orodha hiyo ndiyo inayoingia katika hati ya kiapo mbele ya mahakama. Baada ya hapo ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, barua ya usimamizi hutolewa, na kwa kawaida miezi 6 hupita kabla ya kuthibitishwa pamoja na mgao wa kila mrithi. Akaunti ikigunduliwa baada ya uthibitisho, ni lazima kurudi mahakamani kurekebisha hati. Katika familia yenye nyumba mbili au tatu, kurudi huko ni kufungua upya mjadala uliokwisha kutulia, na kuomba ridhaa za ndugu ambao huenda wako Nairobi au ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba kuipelekea Mamlaka ya Mapato jina la marehemu ni kumwamsha mdai. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina nguvu ikipimwa. Deni la kodi la marehemu hulipwa kutoka mali aliyoiacha. Halimhamii mtoto kama deni lake binafsi. Hatari huanza pale msimamizi anapogawa fedha huku akijua kuna kodi haijalipwa, kwa maana sheria ya mirathi inamtaka alipe madeni kabla ya kugawa. Kunyamaza nako kuna gharama. Ikiwa PIN ya marehemu, yaani nambari yake ya mlipakodi, bado ina wajibu wa kuwasilisha ritani kila tarehe 30 Juni, mfumo hauwezi kujua kwamba amefariki, na faini ya mtu binafsi ni angalau shilingi 2,000 kwa kila ritani iliyokosekana. Cheti cha kifo kikipelekwa mapema, ritani za nyuma zikafungwa na PIN ikafutwa, deni linajulikana ukubwa wake na linaacha kukua.

Muda nao unahitaji kuhesabiwa. Kurithishwa kwenyewe hakuhesabiwi kuwa mauzo, na hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi hazitozwi kodi ya faida ya mtaji. Lakini msimamizi akiuza ploti ili kugawa fedha, msamaha wa kodi hiyo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, kwa kawaida unategemea mauzo kukamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo, au Kamishna aongeze muda kwa maandishi. Mali isiyodaiwa kwa asili yake hugunduliwa kwa kuchelewa. Familia inayofungua mirathi kwa sababu ya akaunti iliyolala miaka 5 huenda imeshaupita muda huo bila kujua, na ombi la nyongeza ni la kuandikwa kabla ya kutafuta mnunuzi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kiasi: fedha zikiwa elfu chache, gharama ya wakili inaweza kuzimeza. Hapo nakubali kwamba si kila dai linastahili safari nzima. Hata hivyo mahakama za mahakimu husikiliza mirathi ndogo, Mdhamini wa Umma anaweza kusaidia familia zisizomudu wakili, na UFAA haitozi ada ya kudai. Tena, ni daftari hilohilo linaloonyesha kama jumla ya vipande vidogo inafaa kufuatiliwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa warithi wa Kisii na Nyamira ni kuketi na karatasi za marehemu, kuandika kila chanzo cha fedha, tarehe yake na kodi iliyokatwa, na kuhakikisha majina yake yanafanana kwenye kitambulisho, cheti cha kifo na akaunti. Wakifika mahakamani na daftari hilo, watakuwa wanaomba idhini juu ya mali wanayoijua, na hakimu atathibitisha mgao ambao hautahitaji kurekebishwa.