Hadithi ya Milansi na Nasaba ya Watwa

Katika masimulizi ya Ufipa imo hadithi ambayo twaiona bora kuliko orodha ndefu ya majina ya wafalme. Ntatakwa, mfalme wa kwanza, alishuka kutoka mbinguni akakaa Milansi. Baadaye wakaja wanawake wageni, Watwa (si wale wawindaji wa misituni wenye jina kama hilo), wakatwaa kiti mfalme akiwa hayupo. Aliporudi akawaachia nchi, akajibakizia Milansi na heshima ya ukubwa. Kwa Watwa hao zikatoka milki mbili, Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, katika makala yake ya mwaka 1967, aliifananisha Milansi na kichwa, na Watwa na viuno. Fumbo hilo twalikubali, lakini halituelezi kwa nini washindi walikubali kusimuliwa kuwa wageni. Huko Ayalandi, katika karne ya 10, ukoo wa Dál Cais ulipopata nguvu, watunza nasaba waliushonea babu, Cormac Cas, wakamfanya ndugu wa Eógan, babu wa wafalme wa zamani wa Munster. Wageni wakawa ndugu kwa kalamu tu! Hadithi ya Milansi haikushonwa hivyo. Twadhani ya kuwa Watwa walihitaji mwenyeji abaki mwenyeji, kwa maana mfalme aliyeridhia ndiye shahidi wa haki yao.

Basi mwalimu wa Kasanga au Sumbawanga aandikapo habari hizi, asiziunganishe nasaba hizo mbili kuwa ukoo mmoja, wala asiwapite mbio wale wanawake. Na aandike kama msimulizi wake ni mtu wa Milansi, wa Nkansi au wa Lyangalile.