Henry VIII Alivyogharimia Vita Vyake

Wengi wanamkumbuka Henry VIII kwa wake zake sita. Mwenyewe alitamani akumbukwe kama Henry V, mshindi wa Agincourt mwaka 1415, aliyeupeleka upanga wa Uingereza ndani ya Ufaransa. Anayetaka kujua kwa nini hakufika mbali na afungue daftari la hesabu kabla ya kusoma mikataba.

Ufaransa ilikuwa na watu wasiopungua milioni 15, Uingereza kama milioni mbili na nusu. Pengo hilo lilizibwa mwanzoni na akiba ya baba yake, Henry VII, mfalme aliyekuwa mgumu wa kutoa. Akiba hiyo ndiyo iliyobeba vita vya 1513. Mshauri wake Thomas Wolsey alisimamia chakula, bia, mikokoteni na mizinga, jeshi likavuka hadi Calais, likateka Thérouanne na Tournai. Ulikuwa ushindi, lakini Tournai ilirudishwa kwa Wafaransa kwa malipo mwaka 1518, na hazina ya mzee ilikuwa imekwisha.

Nafasi nyingine ilikuja Februari 1525, Francis I, mfalme wa Ufaransa, alipotekwa Pavia, Italia, na jeshi la Kaizari Charles V. Henry aliona njia ya Paris i wazi. Fedha hazikuwapo, basi Wolsey akaomba mchango ulioitwa wa hiari, bila kupitia bunge: hadi sehemu moja ya sita ya mali ya raia, na theluthi kwa makasisi. Huko Lavenham, Suffolk, mafundi wa nguo waliokuwa wamekosa kazi waliinuka kwa maelfu. Mchango ukafutwa. Charles naye hakungoja. Aliuvunja uchumba wake na Mary, binti wa Henry, akamwoa Isabella wa Ureno mwaka 1526.

Naamini Wolsey aliielewa nchi yake kuliko bwana wake. Mkataba wa London wa 1518 uliwaleta wakubwa wa Ulaya kwenye meza ya Henry kwa gharama ndogo kuliko ya kuuzingira mji mmoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Francis na Charles wakigombana, kila mmoja alimhitaji Mwingereza. Henry hakutosheka na nafasi hiyo. Alitaka kuingia vitani mwenyewe.

Miaka ya 1540 akaingia tena, akipigana na Ufaransa. Mashamba ya watawa, aliyokuwa ameyataifisha, yaliuzwa, mikopo ikachukuliwa Antwerp, bado haikutosha. Ndipo akaigeukia sarafu. Sarafu ya fedha ya Uingereza ilikuwa safi kwa zaidi ya asilimia 92. Kuanzia 1542, kwanza kwa siri, iliongezwa shaba, na kufikia 1546 fedha halisi ilikuwa theluthi tu. Sarafu ya shilingi ilikuwa na uso wa mfalme ukitazama mbele, kwa hiyo pua ndiyo iliyojitokeza zaidi. Sarafu ilipozunguka mikononi, utando wa fedha ulilika hapo kwanza, wekundu ukatokeza, na watu wakamwita mfalme Pua ya Shaba. Hii ilikuwa kodi isiyohitaji bunge wala mkusanyaji. Kile watu wa Lavenham walichokikataa kilichukuliwa sasa kupitia bei za vitu sokoni, na mwenye ujira mdogo ndiye aliyeumia zaidi.

Alinunua nini? Boulogne, iliyosalimu amri Septemba 1544. Siku chache baadaye, tarehe 18, Charles, aliyekuwa mshirika wake vitani, alifanya amani yake na Francis kule Crépy, akamwacha Henry peke yake. Mkataba wa 1546 uliwataka Wafaransa walipe krauni milioni mbili ili warudishiwe mji huo mwaka 1554. Waliupata mwaka 1550, miaka mitatu baada ya kifo cha Henry, kwa krauni 400,000. Vita vya miaka yake ya mwisho viligharimu zaidi ya pauni milioni mbili, na sarafu haikusafishwa hadi binti yake Elizabeth alipoifanya kazi hiyo mwaka 1560 na 1561.