Msafara wa Mtawala: Jicho, Sikio na Suala la Mtazamaji

Ni rahisi kuichukulia picha ya msafara wa kifalme ya enzi ya Mwamko wa Ulaya kuwa kumbukumbu ya tukio tu. Makala haya yanadai kwamba picha ya aina hiyo ni hoja: humwonyesha mtazamaji mahali anapostahili kusimama.

Mathalani, mwaka 1459 Benozzo Gozzoli alianza kuchora safari ya Mamajusi katika kuta za kanisa dogo lililomo ndani ya kasri la Medici, Florence. Kidhahiri, maudhui ni ya kidini. Hata hivyo, nyuma ya mfalme kijana wamepangwa wakuu wa ukoo wa Medici, wenye benki, wakiazima utukufu wa wafalme. Mchoraji naye amejitia katika umati na kuliandika jina lake kwenye kofia. Mtu mweusi aendaye kwa miguu, upinde mkononi, hakupewa jina.

Gentile Bellini analitatiza suala hili zaidi. Katika picha yake ya 1496 ya maandamano ya Uwanja wa San Marco, Venice, mfanyabiashara wa Brescia amepiga magoti akimwombea mwanawe aliyejeruhiwa. Muujiza huo ndio kiini cha kisa, lakini jicho hulazimika kumtafuta baba huyo katikati ya safu za kanzu nyeupe. Sherehe imemmeza mwenye shida.

Katika miji ya Waswahili, Pate na Lamu hasa, ukuu ulitangazwa kwa sauti ya siwa, ya pembe au ya shaba. Siwa humfikia hata aliye ndani ya nyumba, asiyeona chochote. Mkazi wa Fedha, mtaa usio mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, anaielewa hali hii: msafara wa mkubwa humfikia kwanza kwa king'ora na barabara iliyofungwa.

Pamoja na hayo, haifai kudai kwamba sikio lina usawa kuliko jicho. Haki ya kupigiwa siwa ilikuwa ya koo za kiungwana. Wengine walisikia tu. Kadhalika, Habari za Pate zimepangwa kwa kufuata tawala za masultani, mmoja baada ya mwingine, kama wapanda farasi wa Gozzoli.

Kwa hiyo, mhakiki wa fasihi ya Kiswahili asitosheke kuuliza ni mtawala gani anayesifiwa. Yampasa amtafute mpulizaji wa siwa, mbeba mzigo na baba aliyepiga magoti. Uhakiki unaowapita hao utakuwa umejiunga na msafara badala ya kuusoma.